Nimesusia Ugali

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo nimetangaza vita na ugali. Tangu ujana nina kisukari aina ya kwanza, na kila mlo ni kazi ile ile: napanda mlima wa sembe, kisha najidunga insulini ya kuubomoa. Wazimu! Nimesoma vya kutosha. Kuanzia leo ni mayai, nyama, kisamvu, parachichi. Basi.

Daktari wa Korogwe sikubishana naye – ajabu ya mwaka. Kasema wanga ukipungua, dozi ya insulini ya chakula ipungue siku hiyo hiyo, nipime mara kwa mara, na glukosi isikose mfukoni, sukari ikishuka ghafla. Hilo la mwisho limenichekesha. Niende vitani na bendera ya adui? Pakiti imebaki kabatini.

Jumatano, 9 Julai

Sukari baada ya mayai na kisamvu: 7.1, safi! Na nimechoma uniti nne tu, badala ya kumi za zamani.

Mke wangu Faudhia anasema siku hizi nina hasira. Nimemkumbusha kwamba nilikuwa nazo tulipooana.

Nimeandika kwenye WhatsApp ya ukoo kwamba mahindi ni mgeni aliyekuja na kukataa kuondoka. Shemeji Mhina, kaka yake Faudhia, analima mahindi kule Magoma. Kajibu kwamba hajawahi kuona mtu mzima akijinyima chakula halafu akaita usomi, na kwamba nikifa kwa njaa msibani kwangu watapika ugali makusudi. Nimemjibu kwa ujumbe wa sauti. Dakika sita.

Ijumaa, 11 Julai

Alasiri 3.8. Imeshuka mno. Nimekunywa chai ya sukari nimejificha stoo, kama mwizi. Kuanzia kesho uniti tatu. Hakuna aliyeona.

Jumamosi, 12 Julai

Kesho Magoma. Inapokelewa mahari ya Pendo, binti wa Mhina.

Faudhia kanikalisha chini. Kasema nikisukuma ugali kando mbele ya wakwe, watadhani nadharau nyumba ya kaka yake, au naogopa kuwekewa kitu. Amesema polepole, bila ugomvi – silaha ambayo sina kinga nayo. Sawa. Nitakula. Mara moja, kimyakimya, na dozi yangu ya zamani. Historia haitajua.

Jumapili, 13 Julai

Magoma, chumbani kwa Mhina.

Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Insulini yangu hii huchomwa nusu saa kabla ya kula, basi nikaenda nyuma ya nyumba, nikachoma kumi. Nikarudi mkekani, nikanawa kwa adabu zote.

Mhina akasimama. Akawaambia wakwe kwamba shemeji yake Mwinjuma ni msomi, hali ugali, na nyumba hii inaheshimu msimamo wa mtu. Nikaletewa sinia langu peke yangu: kuku na mlenda. Ugali ukapita mbele ya pua yangu, unafuka moshi, ukaenda kwa wengine.

Kuomba tonge? Baada ya zile dakika sita? Wakwe wote wananitazama! Faudhia yuko uani na wanawake. Nikajidanganya kwamba kuku atazitosha zile uniti kumi. Nikala, nikahutubia. Nikawaeleza wakwe habari za mahindi tangu mwanzo wa dunia. Kisha jasho. Kisha nikatafuta neno, sikulipata – mimi! Nikaaga kama mtu anayekwenda msalani, nikaingia huku, nikapima.

2.9.

Na mfukoni leso tu.

Mhina alikuwa amenifuata. Alikuja na maneno yake tayari mdomoni, nilimwona.

"Shemeji," nikamwambia, "nipe sukari."

Ameleta bakuli zima la sukari na kikombe cha maji, amekoroga kwa kidole. Nimekunywa. Baada ya robo saa: 3.1. Ameniletea kikombe cha pili, na tonge la ugali kwenye kisahani, kalifunika kwa kitambaa wakwe wasilione. Nimelila pia. Tamu, laana!

Naandika ili nione kama mkono bado unanitii. Herufi zinapanda mlima.

Mhina ameketi mlangoni, kawaambia watu nimepumzika. Hajanitania hata neno. Miaka yote hii, hata siku moja haijawahi kupita hivyo. Nimemwambia, cheka basi.

Hajacheka. Ameshika kipimo kwa mikono miwili, anasubiri kidole changu.