Marehemu Baba Mkwe Ameota Jino

Mpendwa mshauri, kwa heshima na taadhima naomba kutangaza kwamba marehemu baba mkwe wangu ameota jino, la juu, la mbele, na mwenye kosa ni mimi.

Nina duka la picha, na mlangoni nimeandika TUNAKUZA PICHA BILA KUPOTEZA UBORA, ndiyo maana mama mkwe aliponiletea picha ya marehemu akitaka ijae ukuta wa sebuleni sikuwa na pa kukimbilia, ingawa ilikatwa kwenye picha ya pamoja ya wenzake wa karakana na kurushwa simu hadi simu mpaka uso ukabaki mdogo kama ukucha, na nilipoivuta ikawa viraba vitupu kama vigae vya sakafu, basi nikaitia kwenye programu mpya inayojazia palipopungua, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai, na niliporudi mzee alikuwa ananichekea, kope zinahesabika moja moja, na jino limekaa pale ambapo kwa miaka arobaini palikuwa na pengo, tena Pengo ndilo lililokuwa jina lake karakana nzima, lile la kwenye kitambulisho hupati anayelijua.

Mama mkwe aliitundika sebuleni, akasema, "Mwanangu, hujui ulichonifanyia. Huyu mtu hakuwahi kunichekea kwenye picha hata moja," na sasa kila asubuhi anahamisha kiti chake kuielekea, huku mke wangu akinibana jikoni: "Huyo ni mdogo wake baba ambaye bibi hakumzaa. Jumapili baba wakubwa wanakuja kumwona, wataanza kuangua kicheko mlangoni, na atakayeaibika ni mama. Mwambie, au namwambia mimi." Mshauri, ile picha ndogo ya awali nimeiambatisha hapa; niling'oe jino kwa programu ileile nirudishe pengo kimyakimya, au nijikaushe?

Mkwe Mkuzaji

Mkwe Mkuzaji,

Pole. Sasa nisikilize. Wewe hukukuza picha, ulimpeleka marehemu kwa daktari wa meno bila kuuliza familia. Programu haimjui baba mkwe wako. Imeona vinywa vya watu wengi, ikakisia, na wewe mwenye duka ukaenda kunywa chai. Ukiiagiza irudishe pengo itakisia tena, na safari hii usishangae akiota ndevu. Jino usiliguse.

Mtafute aliyepiga picha ile ya karakana, umwombe iliyo kwenye kamera yenyewe. Ichukue kwa kadi au waya, isipitie kwenye ujumbe wa simu, maana huko ndiko inakobanwa. Ikuze mara mbili, basi. Ikitoka ndogo kama daftari, iwekee fremu yenye ukingo mweupe mpana. Ukuta haujadai kujazwa. Kisha, kabla ya Jumapili, nenda kwa mama mkwe wako, wewe, siyo mke wako, umwambie kwamba uso ule mashine imeubuni. Atanuna. Kaa naye anune. Achague mwenyewe ipi itundikwe, na akichagua yenye jino, shemeji zake wakicheka utawajibu wewe. Na yale maandishi ya mlangoni yafute leo.

Halafu, ile picha ndogo uliyoiambatisha nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Mzee amefunga mdomo.