Pumba za Namba Kumi na Nne

Kaka,

Barua yako imenikuta mzima, ila miguu inaniuma kwa kusimama zizini. Hapa kituo cha utafiti cha chuo cha mifugo kazi ni ile ile, kulisha ng'ombe wenye dirisha la mpira ubavuni, ambamo wanafunzi huingiza mkono kuona chakula kinavyosagika.

Mwezi uliopita mmoja wao, Namba Kumi na Nne, alikufa. Daktari alimpasua mwenyewe, na tukamchoma nikiona. Lakini mkono una mazoea. Kesho yake nilijikuta nimempimia pumba kwenye hori lake. Nikasema nitazizoa mchana. Mchana hori lilikuwa limelambwa hadi linang'aa, na lango la zizi lake lina kufuli.

Daktari akacheka, "Panya wako wana njaa." Tukatega mitego, hakunaswa hata mmoja. Siku hizi hacheki. Kila asubuhi ananiuliza kwa sauti ya chini, "Umempa?" Nikiitikia, anaandika daftarini.

Uliniuliza kama nimeacha kummiminia mama chai tangu tumzike. Sijaacha, kaka, na usinigombeze. Nilikuwa naimwaga jioni ikiwa imepoa na kufanya utando. Wiki hii sijamwaga hata tone, kikombe nakikuta kitupu.

Ukija kuchukua kitanda chake nami niko kazini, ufunguo uko kwa jirani. Ila kabla hujafungua, piga hodi.

Ni mimi, dada yako