Mwanangu, Tuchukulie Chumba Kidogo

S.L.P. 38,
Githongo,
Meru.

17 Agosti 1996

Mpendwa Wawira, mwanangu na mama yangu kwa jina,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye ukungu. Mnaendeleaje huko Birmingham? Mgongo uliokusumbua kwa kuwainua wagonjwa umepata nafuu? Na Tabby, meno ya mbele yameota? Sisi tu wazima. Mama yako mkubwa Ntinyari bado anapanda hadi kanisani bila fimbo, na kunicheka mimi ninayeitumia. Macho yangu yangali yanasoma gazeti lote, hadi matangazo ya vifo.

Barua yako ilifika pamoja na kile kijitabu cha meli. Nimekisoma mara mbili, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Unataka kutupandisha meli ya kitalii kutoka Mombasa hadi visiwani, wiki nzima, daraja la juu kabisa: wadogo zangu wawili, baba yako Njeru na baba yako mdogo Nthiga, mimi na Ntinyari, pamoja na ninyi wenyewe. Ukaniomba niamue kama safari hiyo inastahili gharama yake, kwa kuwa utailipia kwa zamu za usiku. Nimelibeba jambo hili kwa uzito. Bei ya mtu mmoja katika daraja hilo ingenunua ng'ombe wa gredi na kumjengea zizi la mabati. Ntinyari aliposikia alisema, "Na ng'ombe hatamtapisha mtu."

Mwanzoni nilitaka kukujibu hapana. Kisha nikakumbuka lile ambalo lilianza ukiwa bado unabebwa mgongoni.

Tangu shamba la Kibugu lipimwe, baba yako na Nthiga hawajala pamoja. Waligombania kijia cha kuteremkia mtoni, ambamo mbuzi wawili hawawezi kupishana. Nthiga akahamia Ishiara kwenye joto, akaapa kutokanyaga tena udongo wa Njeru. Njeru naye akaapa kutoonja chakula cha Nthiga. Kwenye mazishi, mmoja hukaa karibu na jeneza na mwingine karibu na lango.

Mimi nilikuwa kizuizini kwa mkoloni wakati wa kugawa. Nilirudi nikakuta sina hata pa kugombania, nikaja huku kwa wakwe zangu kufundisha. Ndiyo maana wote wawili hunikaribisha: hakuna mpaka kati yangu na mtu. Lakini kwetu Kibugu tuliuona mlima juu ya paa la jikoni, na hapa uko upande linakotua jua. Hata leo, nikiamka, huutafuta mahali pasipo pake.

Sasa fikiri, Wawira. Melini hakuna udongo wa mtu, wala chakula cha ndugu. Hakuna anayeweza kusema ng'ombe hajakamuliwa, acha nikimbie nyumbani.

Nikaenda Kibugu. Baba yako alikuwa katikati ya michai, kikapu mgongoni.

"Hiyo meli ni ya nani?" akauliza.

"Ya Wazungu."

"Na chakula?"

"Chao vilevile."

Akachuma majani kadhaa kwanza. "Basi hicho si cha Nthiga."

Wiki iliyofuata nikateremka Ishiara. Nthiga alicheka hadi mbuzi wakageuka kumtazama.

"Mwana wa mama, mimi nikaogelee na Njeru?"

"Hakuna kuogelea. Ni kukaa na kula."

"Anayetuita ni nani?"

"Wawira."

Akavua kofia. Unajua jina hilo ni la nani. Marehemu mama yetu alitupakulia sote watatu katika bakuli moja, na aliyenuna aliachwa anune. Nthiga akasema, "Mama akiita watoto kula, nani atasema ameshiba? Ila mwambie huyo Njeru asinikoromee sikioni."

Nikarudi kwenye kijitabu chako, na hapo ndipo nilipopata jibu. Katika daraja la juu, kila mtu ana chumba chake na kibaraza chake, anakula saa anayotaka, mezani peke yake akipenda. Katika daraja la kawaida, chumba kina vitanda viwili, kengele ya chakula ni moja, na meza ni ya watu wanane. Mwanangu, safari inastahili, lakini anasa hiyo haistahili. Nafasi ya kukaa mbalimbali tumekuwa nayo miaka yote bila kuilipia. Tuchukulie vyumba vidogo, na Njeru na Nthiga uwaweke pamoja. Kwa pesa zitakazobaki, punguza zamu za usiku.

Iwe Februari, kahawa ikiwa imeshauzwa na mvua ya njahi, yaani masika, haijatuita kupanda.

Nikawaita Embu mjini kupiga picha za pasipoti. Mpiga picha ana koti moja tu la kuwaazima wateja. Njeru akapigwa kwanza, Nthiga akisimama mlangoni kama mtu anayengojea mvua ipungue. Njeru alipolivua koti hakulitundika msumarini. Alilishika wazi, jinsi tunavyomvika mzee, na Nthiga akarudisha mkono nyuma bila kutazama.

"Lina joto," akasema Nthiga.

"Ulitaka nikuwekee baridi?"

Hayo tu. Hawakunywa hata chai pamoja. Mmoja akapanda gari la Kibugu, mwingine la Ishiara, na mimi nikabaki stendi nikijifanya natafuta miwani.

Msalimie sana mume wako Mwongera, na umbusu Tabby kwa niaba yetu. Ntinyari anakutumia salamu, na anauliza kama melini wanapika chai ya maziwa. Mungu aliyekupa jina la mama akupe na mikono yake, na atufikishe sote Februari tukiwa na afya.

Nimekuwekea humu picha zao mbili. Usidhani wamenunua makoti yanayofanana. Ni lile lile.

Baba yako mkubwa, akupendaye daima,
Nyamu