Heroe Si Korongo

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mvua usiku kucha, na upepo. Asubuhi jirani yangu Nathanaeli kaja mlangoni na matope hadi magotini. Shikamoo Mwalimu, kuna korongo kaanguka kwenye kibwawa changu cha kumwagilia kabichi. Nikashuka naye bondeni. Korongo wapi! Heroe. Heroe mdogo, flamingo wa rangi ya waridi, peke yake kwenye maji ya kahawia. Hawa husafiri usiku kutoka ziwa hadi ziwa. Dhoruba imemtenga na wenzake. Miaka thelathini na minne nafundisha baiolojia, sijawahi kumwona kwa karibu hivi.

Kuruka hawezi. Si mgonjwa — heroe hupaa kwa kukimbia kwanza, na kibwawa ni hatua nane, kimezungukwa na matuta pande zote.

Jumanne, 6 Mei
Bonde limejaa watu. Wanamtupia mahindi, dagaa, hata ugali! Nimeeleza mpaka sauti imekauka: huyu hadonoi. Anageuza kichwa juu chini, ulimi unavuta maji na kuyasukuma nje, mdomo unachuja mwani mdogo usioonekana kwa macho. Wananisikiliza kwa heshima, kisha wanatupa tonge jingine.

Nathanaeli kapeleka habari kwa mtendaji wetu, Anord, awaandikie watu wa idara ya wanyamapori. Bila kibali hatuwezi kumhamisha. Sawa. Sheria ni sheria.

Alhamisi, 8 Mei
 Gari la wilayani limekuja. Kashuka kijana na futi kamba, akauliza korongo lina kina gani. Kina! Kumbe Anord kaandika: "Korongo kubwa limetokea shambani kwa Nathanaeli." Wakaelewa udongo umekatika, wakatutumia bwana udongo. Nikamwonyesha ndege. Akasema huyo si wa idara yake. Akapima ukingo wa bwawa, akashauri tupande majani ya gwatemala yashike udongo, akaondoka zake.

Nikaenda ofisini kwa Anord. Nilimfundisha mwenyewe, kidato cha pili. Shikamoo zake tele, kazi hamna. Eti yeye aliambiwa korongo, na korongo la kuandikiwa barua ni lile la ardhi. Nani anaandikia ndege barua? Nikaandika nyingine kwa mkono wangu, HEROE kwa herufi kubwa. Kabla ya kugonga muhuri akauliza kama sijasahau "ini" mwishoni, maana heroini ni ya polisi. Mungu anipe subira.

Ijumaa, 9 Mei
Watu wanasema ndege anapauka. Uongo! Rangi yake inatokana na chakula, ni kweli, lakini manyoya hayapauki kwa siku nne. Kinachoisha ni nyama ya kifua. Hakuna anayekitazama kifua.

Nimekwenda Lushoto, duka la dawa, nikanunua unga wa spirulina, ule ambao watu huunywa kwa afya. Ndio mwani anaoula ziwani. Walikuwa na makopo mawili tu. Nikakoroga kwenye beseni na magadi kidogo. Hakugusa. Heroe ni wa kundi. Peke yake hata kula anaogopa. Basi nikafungua kioo cha kabati langu, Nathanaeli akakibeba kichwani, tukakisimamisha nyuma ya beseni. Akakitazama. Akanyoosha shingo, akageuza kichwa kushoto, kulia. Kisha akainama, akala. Nimelia, na sioni haya.

Kuna waliosema Mwalimu anampamba ndege kama bi harusi. Waseme.

Jumatatu, 12 Mei
Unga umeisha. Nimempigia simu ofisa wanyamapori. Barua ameipata, atakuja tarehe ishirini na tatu, kwa sasa gari halina mafuta. Mafuta ya kupimia shimo lisilokuwepo yalipatikana! Nikamwambia ndege hatafika tarehe hiyo. Uwanja wa mpira wa shule yetu ndio tambarare pekee upande huu. Tumpeleke pale, akimbie, apae mwenyewe. Akanijibu taratibu kabisa kwamba atakayemgusa atashtakiwa kwa kukutwa na nyara ya serikali. Nyara! Kiumbe anapumua, anakula, anajitazama kwenye kioo — nyara.

Nimebakiza miezi saba kustaafu. Mume wangu Alen kaniomba nisithubutu. 

Jumanne, 13 Mei
Hajala. Amekaa chini kwenye maji.

Jumatano, 14 Mei
Saa kumi na moja jioni. Naandika nimekaa nyuma ya goli. Adhuhuri heroe alisimama tena, akapiga mabawa mara mbili. Nguvu bado ipo, ila kesho sijui. Nathanaeli kamleta kwenye tenga la kabichi, kichwa kimefunikwa na kanga yangu. Upepo unatoka upande wa Vuga. Heroe hupaa akiukabili upepo, kwa hiyo tenga tumeligeuzia huko. Nusu ya kijiji iko pembeni ya uwanja. Anord yuko getini, simu sikioni, ananitazama mimi.

Nathanaeli kashika kamba ya tenga, ananiuliza tufungue? Nimemwambia atoe mikono. Ana watoto watatu, wa mwisho hajaanza kutembea. Aende akasimame na watazamaji, wakiulizwa waseme walimwona mwalimu peke yake.

Amesogea hatua mbili tu, mkaidi huyu. Nimemkemea mbele za watu. Hajaondoka.

Anord ameanza kuja. Daftari naliweka chini, fundo hili linataka mikono miwili.