Mwezi Ambao Bibi Alifumua Foronya

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeanza kazi kwa Bibi. Rasmi! Yaani nimepewa mkasi wangu mwenyewe. Mtihani wa mwisho umepita, matokeo bado, na Bibi hataki mtu akae ndani anahesabu mbao za dari.

Chumba cha mbele ndicho kiwanda. Cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo chenye ufa, redio juu ya kabati. Sheria ni moja: penye pini, fumua, penye chaki, shona. Bibi haelezi. Anapita na nguo, anaweka alama zake, anaendelea, nami nafuata nyuma. Leo nimefumua bega lililokuwa na chaki. Bega zima! Amenitazama juu ya miwani. "Kimya wangu, huko shule ulikuwa unasomea nini?"

Kimya ndiyo mimi. Sikatai. Wateja wakiingia naitikia kwa kichwa, kama mjusi.

Dada ameondoka saa moja na nusu na sare yake ya shule. Alikatisha masomo alipopata mimba, mwaka huu amerudi kidato cha tatu. Bonge, mtoto wake, ana miezi kumi na anashinda na Bibi ndani ya kapu la vitambaa. Mguu mmoja wa Bibi unakanyaga cherehani, mwingine unatikisa kapu. Sijui anafanyaje. Mimi nikijaribu nashona kidole.

Foronya ya Bonge ni ya bluu na ina nembo ya chama. Nikiiona nacheka, halafu nasikitika. Ilikuwa gauni la Bibi! Miaka ishirini na sita mwenyekiti wa akina mama wa tawi. Siku chama kilipomteua Bwana Asilimia, kijana wa takwimu, agombee urais, Bibi alirudi nyumbani, akavua gauni, akalikata. Zikatoka foronya mbili, na kile kitambaa cha kifuani cha Bonge, cha udenda. Akavipiga pasi vyote vitatu.

Jumatano, 6 Agosti

Mjomba kinyozi amekuja kunywa chai. Duka lake linapakana na letu, kwa hiyo mteja wake akichelewa sisi ndio tunamsikiliza.

Kamwambia Bibi kura zimekaribia, vipi, amesamehe? Bibi hakuinua macho. Siku ya kura atafua, kasema. Ana mapazia hayajaguswa tangu mwaka jana.

"Lakini mama, chama ni chako."

"Kilikuwa changu. Yule kijana wa asilimia alisema nini siku ile? Tuachane na mambo ya kizamani. Mambo ya kizamani ndiyo mimi."

Mjomba akaacha chai nusu. Mjomba!

Nimekuwa nikidhani Bibi ana hasira. Leo nimemwangalia vizuri wakati anatunga uzi. Si hasira. Ameumia. Nilitaka kumshika mkono. Nikamwokotea pini.

Ijumaa, 8 Agosti

Lazima niandike haraka, nyumba imejaa watu.

Saa nne redio imetangaza mgombea mwenza wa Bwana Asilimia. Mwalimu mkuu mstaafu. Watu wanamwita Mama Kengele kwa sababu kwa miaka thelathini aligonga kengele ya shule kwa mkono wake, na hakumwachia mtu mwingine hata siku aliyokuwa na homa. Bibi aliposikia jina, mguu ukasimama. Cherehani kimya. Kapu kimya. Bonge mwenyewe alishangaa.

Kisha sauti ya yule mama. Hakuanza na takwimu. Alianza hivi: "Wazee wangu, popote mlipo, shikamooni."

Na Bibi yangu akaijibu redio: "Marahaba, mwanangu!"

Kwa sauti! Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akageuka, futi ikadondoka.

Mpaka saa kumi walikuwa wameshafika akina mama saba wa tawi. Wale wale waliokuwa wanakwepa kuonana sokoni wasije wakaulizana habari za chama. Wanacheka, wanapigana mabega. Mmoja anasema Mama Kengele amekaa kwenye ndoa miaka arobaini. Mwingine anasema haingii mkutanoni bila kitambaa kichwani, na haanzi bila sala. Hakuna aliyesema hata neno moja juu ya Bwana Asilimia. Ni kama mtu amealikwa harusini na kumsahau bwana harusi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tunafumua foronya. Bonge analalia taulo.

Mjomba amesimama mlangoni na kichana sikioni, anacheka mpaka anashika ukuta. "Mama, yaani gauni limekuwa foronya, foronya inakuwa gauni! Na yote kwa ajili ya namba mbili? Makamu wa rais hana kazi. Anakata utepe tu."

"Basi atakata utepe akiwa amevaa kwa heshima," Bibi kamjibu. "Wewe kakate nywele za watu."

Alipoondoka nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo sana, lakini nikauliza. Bibi, si mgombea ni yule yule? Hajabadilika kitu.

Alifumua kama shubiri nzima ndipo akajibu. Nimejaribu kukumbuka maneno yake yote. Alisema moyo wa yule kijana haujui, na hatausoma kwenye redio. Lakini mtu unamjua kwa anayemweka karibu naye. Angeweza kuchagua mwenzake wa mjini, wa suti. Amekwenda kumchukua mama anayefanana nasi.

"Alikuwa ametuweka nyuma ya mlango," akasema. "Sasa amefungua, ametuvutia kiti. Hata kama kiti ni cha pembeni, Kimya, nimeitwa kwa jina langu."

Basi. Nimeelewa zaidi kuliko kipindi kizima cha uraia.

Gauni limerudi, ila lina mishono mingi kama ramani. Limepungua kipande kimoja, pale mfukoni. Kiko kifuani kwa Bonge.

Jumanne, 12 Agosti

Sina furaha.

Asubuhi Dada alikuwa anafunga kamba za viatu, Bibi anamlisha Bonge uji, redio inasema. Mama Kengele anahojiwa. Alizungumzia adabu shuleni, Bibi anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Walimu waheshimiwe, ndiyo. Kisha akasema msichana akipata mimba darasa si mahali pake tena, na wakishinda atahakikisha sheria inasema hivyo.

Bibi alishaanza kuipigia redio makofi. Moja. La pili halikufika.

Alipunguza redio. "Hakukusema wewe," akamwambia Dada.

"Alikuwa anamsema nani, Bibi?"

Bila ukali. Ndiyo iliyoniuma. Dada akambusu Bonge utosini, akachukua mkoba. Mlangoni akaniambia mimi, si Bibi, kwamba amebakiza huu mwaka na mwingine mmoja. Wakishinda anaweza asimalize.

Siku nzima Bibi ameshona kola moja. Ameishona mara tatu.

Hamchukii Dada hata kidogo! Ndiye aliyekwenda shuleni kumwombea nafasi, akakaa kwenye benchi la ofisi kutwa nzima na chupa yake ya chai. Na bado leo jioni amelipiga pasi gauni la bluu. Yote mawili kwa mikono ile ile. Sijui mtu anaishi vipi na vitu viwili ndani. Labda kila mtu anavyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Katibu wa tawi amekuja na baiskeli. Mama Kengele anakuja Jumamosi! Ukumbini kwetu! Akina mama watamsomea risala, na risala ni ya mwenyekiti, yaani Bibi.

Bibi akasema macho yake hayafai. Ataisema yeye, nitaiandika mimi, kwa vile nina mwandiko mzuri.

"Na nani ataisoma?" akauliza katibu.

Bibi akaninyooshea futi.

Mjomba ananiita Mheshimiwa Kimya tangu saa hiyo. Kasema atanyoa watu nusu kichwa, ili wamfuate mpaka ukumbini wasikilize.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya kitu.

Bibi amenitajia risala huku anashona vifungo. Mgeni rasmi, sisi akina mama wa tawi hili tunakukaribisha. Moja, tunashukuru kwa kukumbukwa. Mbili, tunaomba zahanati iwe na mkunga kila siku. Tatu, adabu shuleni. Nne, tutakupigia kura sisi na watoto wetu. Nikaandika yote kwa mwandiko wa mtihani.

Bibi akaenda kumbadilisha Bonge nepi. Kati ya tatu na nne kulikuwa na nafasi. Labda niliiacha mwenyewe. Mkono ukaandika:

"Tunaomba pia msichana aliyejifungua aachiwe arudi shule. Tunao majumbani mwetu. Watoto wao tunawalea sisi, ili mama zao wasome."

Aliporudi akasema nisomee. Nikasoma. Moja, mbili, tatu... nne. Nimeruka! Nimemdanganya Bibi yangu kwa sauti yangu mwenyewe, na siku zote naambiwa niongee zaidi.

Akasema vizuri sana. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake wa tawi isije ikachafuka. Sasa siwezi kuufuta ule mstari. Siwezi pia kuulinda. Nikiusoma kesho namwaibisha mbele ya mtu aliyemrudishia gauni lake. Nisipousoma, Dada.

Dada hajui lolote. Amenipigia pasi blauzi.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukumbini. Naandika kwenye goti, kando ya jukwaa, mikono ipate cha kufanya.

Asubuhi Bibi alichelewa kutoka chumbani. Nilimwona kwa ufa wa mlango, amekaa kitandani, miwani usoni, karatasi ameishika karibu na dirisha. Midomo inakwenda polepole, neno kwa neno. Macho yake hayafai — lakini yanafaa akitaka. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole vya miguu. Tumetembea mpaka hapa yeye mbele, mimi nyuma.

Alikuwa amesema Bonge atabaki na jirani. Amekuja naye. Amempakata kiti cha mbele kabisa, kitambaa cha udenda kimemkaa kifuani na nembo yake, na gauni la Bibi lina mraba uliopauka pale pasipo na mfuko. Wala hajaufunika kwa mkoba. Dada amesimama nyuma na sare ya shule. Leo Jumamosi! Nani kamwambia avae sare?

Mama Kengele ameingia. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Kitambaa kichwani, viatu vya kufunga. Ameanza na wazee, mmoja mmoja, na amepiga goti kidogo kwa Bibi. Bibi analia! Anapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja, mwingine umemshika Bonge. Sijawahi kumwona na furaha hii. Nampenda Bibi yangu.

Mjomba ananipungia kichana kutoka dirishani. Mteja wake kweli ana nusu kichwa.

Katibu ameniletea karatasi kutoka kwa Bibi. Imekunjwa mara nne. Nimeikunjua polepole, natafuta pini kwa ncha ya kidole. Moja. Mbili. Tatu.

Hakuna pini.

Kando ya ule mstari, juu mpaka chini, kuna chaki ya bluu.

Nimeinua kichwa. Bibi haniangalii. Anamtazama Mama Kengele kwa mapenzi yake yote, na mguu wake unakanyaga sakafu kama pale kwenye cherehani. Katibu ameshika kipaza sauti. Anasema msoma risala ni mjukuu wa mwenyekiti, apande. Nafunga daftari.