Ile Gia Niliyobadilisha

Nangila,

Ukiamka usingizi wa mchana, chai iko kwa thamosi. Lisha kuku.

Asubuhi ulipolia eti mama alimwagia gari yako ya rimoti maji akipiga deki, mimi nilikuwa hapo mlangoni nafunga viatu. Nikainama nikakaza kamba. Si mama aliyeiharibu. Ni mimi.

Jana ukiwa kwaya nilitoa ile gia ndogo ya mota nikaweka yenye meno mengi, vile sisi wa boda hufanya na sproketi ya mbele, ile gia ya mnyororo, ndio pikipiki ikimbie lami ya Nyamasaria. Nilitaka kuringia watu wa steji ya boda. Ilikimbia kweli! Lakini mbio ikiongezeka nguvu inapungua, na kwa nyasi ikashindwa. Nikazidi kubonyeza mpaka mota ikatoa moshi. Na ulikuwa umenionya nisiiguse, nikakucheka.

Gia yako ndogo iko chini ya hiki kikombe. Naenda kutafuta mota.

~~Mwambie mama pole.~~ Hapana, nitamwambia mwenyewe, ukisikia.

Usitafute gari ndani. Kabla aende sokoni mama aliifunga na kitambaa chake cha kanisa, akaiweka juani ikauke.

Baba