Dalali Hakutuita

Kitui, Jumapili

Dada yangu Kasiva,

Natumaini u mzima huko Matiliku pamoja na shemeji Nzioka, na kwamba mbaazi zimepona wale wadudu. Sisi tuko salama, isipokuwa macho ya Mama na usingizi wangu. Nimempa Kanyiva barua hii akuletee leo kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima.

Operesheni ni Alhamisi. Daktari anasema bila hiyo jicho la kushoto halitafika Krismasi.

Siku ile tulipokwenda kuuza hisa Mama alizoachiwa na Baba, ili tulipie operesheni, dalali wa hisa, kijana mpole mwenye tai, alisema soko liko shilingi kumi na nne kwa hisa. Mama akataka kumi na saba. Kijana akaeleza kwamba yeye hanunui. Hupeleka oda Nairobi na kukata kamisheni yake, bei hupangwa na wanunuzi na wauzaji huko. Mama akacheka. Miaka ishirini ya kuuza mbuzi mnadani, kila dalali alimwambia hivyo hivyo.

Akanishika mkono, tukateremka ngazi. "Tembea polepole," akaninong'oneza. "Atatuita kabla ya lango."

Mimi nimesoma mambo ya hisa, nilijua hataita. Hata hivyo nilitembea polepole. Langoni Mama alifunga kiatu karibu nusu saa.

Siku nne alikaa na simu mapajani, habari ya kurudi hataki kuisikia. Bei ikashuka hadi kumi na tatu.

Sasa dada, keti. Nilikuambia dalali alipiga simu akakubali kumi na saba. Aliyepiga ni Kitheka wa bodaboda, kwa sauti ya mtu mwenye tai. Mama alimbania kidogo, kisha akatia sahihi fomu ambayo macho yake hayakuweza kuisoma. Hisa zilikwenda kwa kumi na tatu. Pengo nimeliziba kwa kuuza mbuzi wangu wanne. Huko mnadani niliondoka polepole, na dalali akaniita.

Leo Mama ameshuhudia kanisani jinsi alivyomshinda dalali. Wamama watatu wenye hisa wamemwomba awapeleke Jumanne akawapiganie bei, naye amekubali. Akiisikia bei ya kweli kwa yule kijana, atajua nilimdanganya, na hataingia operesheni, unamjua.

Njoo kesho unisaidie kumzuia. Kitheka amekataa kupiga tena, na mbuzi sina.

Wasalimie watoto, na barua uichome.

Ndugu yako mwenye hofu,
Mbaluka